Mwili Baada ya Arobaini, Unavyosomeka kwenye Daftari la Fundi Cherehani

Kila fundi cherehani ana daftari lake la vipimo. Langu ni kaunta buku la jalada gumu, mgongo wake nimeushona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na ndani wamo wanawake wa Ngamiani, hapa Tanga, niliowapima tangu wakiwa mabibi harusi: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, urefu wa gauni. Ukichukua kurasa za mwanamke mmoja, ukaweka gauni la Idd aliloshonewa akiwa na miaka 30 karibu na lile la harusi ya binti yake alipofika 52, unaona mambo ambayo mwenyewe hajayaona. Kioo anakitazama kila siku, na mwili haubadiliki kwa kishindo.

Nyonga hazihami sana. Kinachohama ni kiuno. Anakuja mtu ambaye kwenye mizani hajaongezeka kitu, nikimvisha futi nakuta kiuno kimekua inchi tatu na mapaja yamepungua. Mafuta yametoka huko yalikokuwa yanapendeza yakaja kukaa tumboni. Halafu kuna mgongo. Wateja wa hamsini na kitu, gauni linaanza kuwapanda nyuma na kuburura mbele. Mteja anasema, "Fundi, umenikata vibaya." Sijamkata vibaya. Mgongo wa juu umeanza kupinda, kwa hiyo nyuma panataka kitambaa kirefu zaidi na mbele kifupi. Siku hizi simwambii mtu, namwongezea inchi moja ya nyuma kimyakimya, gauni linakaa. Na wapo wanaopungua kimo kabisa, kwa sababu zile nyama za katikati ya pingili za uti wa mgongo husinyaa, na pingili zenyewe zikilegea hubonyea.

Mimi pia nimo kwenye daftari hilo. Nina miaka 54. Jambo moja nimeliona kwa wateja wangu na kwangu mwenyewe: mtu wa makamo akiumwa, jibu liko tayari kabla hajamaliza kusema. "Umri huo, mama." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine umri umesingiziwa, na nyuma yake kuna ugonjwa wenye jina na dawa. Kuyatenganisha hayo mawili ndiyo elimu niliyoipata tangu nivuke arobaini, na sikuipata kwa mpangilio.

Kilichoanza ni macho, na kwa fundi macho ndiyo mtaji. Nilikuwa na arobaini na mbili hivi. Uzi mweusi ukaanza kunikataa jioni. Nikisogeza uso karibu, tundu la sindano linapotea. Nikijivuta nyuma linaonekana, lakini kwa umbali ule siwezi kulenga. Nikawa namwita binti ninayemfundisha kazi, "Hebu nitilie uzi hapo." Akitia mara moja, namnunia. Kitambaa cheusi kwa uzi mweusi nikakiacha kabisa mpaka asubuhi, mlango ukiwa wazi.

Hilo lilikuwa la umri kweli. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini, inavutwa na kuachiwa na misuli midogo ili tuone karibu na mbali. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na kuanzia kama arobaini kuona kwa karibu ndiko kunakotangulia kuharibika. Hakuna anayeponyoka, hata aliyekula karoti maisha yake yote. Dawa yake ni miwani ya kusomea, mwanzoni namba moja au moja na nusu, kisha inapanda. Mimi sasa niko mbili na nusu. Za kwanza nilinunua kwa machinga kwa elfu tano na zilinifaa. Ila machinga hana kifaa cha kuangalia ndani ya jicho. Shemeji yangu alinunua kwake miwani tatu za namba tofauti, kila moja akiona "afadhali kidogo", kumbe ana presha ya macho. Ile haiumi. Inakula pembeni polepole, na sehemu iliyokwisha kuliwa hairudi. Matone anayoweka kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Watoto wake nao ikabidi wapimwe, maana hutembea katika ukoo. Mtoto wa jicho ni mwingine tena: ukungu, na usiku taa ya bodaboda inatawanyika machoni. Huo una operesheni, na mtu anaona tena.

Sasa nije kwenye lile la wanawake, ambalo tunalisema kwa kunong'ona.

Huku kwetu pwani, msichana akivunja ungo ana somo wake, ana kungwi, anafundwa. Anaambiwa namna ya kujihifadhi, namna ya kukaa na mume, namna ya kukunja kanga. Kuanza kuna ngoma na nyimbo zake. Kumaliza hakuna. Nilipofika arobaini na saba hedhi ikaanza kuruka, mwezi huu inakuja, miezi miwili haionekani, halafu inarudi kama bomba lililopasuka. Nikamwendea bibi mmoja aliyekuwepo siku zangu za kufundwa, nikamuuliza kwa nini hawakutuambia. Akacheka mpaka akakohoa. "Hayo ya kumaliza, mwanangu, kila mtu aliyamaliza chumbani kwake."

Basi nami nikaanza kuyamaliza chumbani. Joto lilikuwa linanianza kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, dakika chache tu, kisha jasho, kisha baridi. Usiku nilikuwa naamka kanga imelowa chapa. Mwezi wa pili, kaskazi limeshika, mji mzima unatoka jasho. Sasa utajuaje kwamba la kwako ni tofauti? Nililijua dukani. Nilikuwa nashona shela la bibi harusi, satini ya rangi ya maziwa, na satini haisamehe tone la jasho, linaacha duara ambalo hata pasi hailiondoi. Nikahamisha cherehani mpaka mlangoni, nikafunga taulo shingoni, na kazi za satini nikazipangia alfajiri. Wateja waliona nimekuwa mkali. Kweli nilikuwa mkali, silali.

Ushauri haukukosekana. Jirani mmoja alishaamua kwamba nina kitu kichwani na kinataka ubani na ngoma yake. Mwingine akaniletea mizizi ya kuchemsha. Aliyenisaidia ni nesi mmoja mtu mzima, naye alikuwa ameshapita njia hiyo hiyo. Akanieleza kwamba vifuko vya mayai vinapunguza kutoa homoni ya estrojeni, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, kitu kidogo tu inaamrisha jasho. Chai ya moto yenye tangawizi, pilipili, kahawa ya jioni, vyote viliongeza kwangu, nikavipunguza. Akaniambia pia kwamba kwa wengi jambo hili hutokea kati ya miaka 45 na 55, na kwamba huwezi kusema umekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila kuona hedhi. Kabla ya hapo mimba inaweza kuingia. Mitaani kwetu wapo vitindamimba ambao mama zao walidhani wameshamaliza. Na aliyekatikiwa kabla ya arobaini asiambiwe ni umri, aende akapimwe.

Zipo dawa za kurudishia homoni kwa yule anayeteseka sana. Siyo za kununua kwa kumsikiliza shoga yako. Daktari atauliza kwanza kama umewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda. Kisha kuna ukavu wa huko chini, ambao umevunja maelewano katika nyumba nyingi bila mtu kuutaja. Mwanamke anaona maumivu, anaanza kumkwepa mume. Mume anadhani amechokwa. Vilainishi vipo dukani, na ipo dawa ya kupaka anayoandika daktari. Nalisema hivyo hivyo kwa wateja wangu nikiwa nimewafunga futi kiunoni, mahali ambapo hawawezi kukimbia.

Nesi yule ndiye aliyemwokoa dada yangu bila kumjua. Dada amenizidi miaka sita. Alikuwa amekoma hedhi miaka mitatu nyuma, mara siku moja akaona damu, kidogo, ya rangi ya kahawia. Kwa mashoga zake ilikuwa ni furaha. "Ujana umerudi!" Walitaka hata kumfukizia udi. Mimi nilikuwa nimeambiwa neno moja nikalishika: damu yoyote baada ya ile miezi 12, hata tone, si hedhi na si umri, inatafutiwa chanzo. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo. Kwake hakikuwa kidogo. Daktari alichukua kinyama kwenye mlango wa kizazi, kikapelekwa maabara, majibu yakarudi kwamba ni saratani, lakini bado haijatembea.

Alipelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapata mionzi. Ilikuwa kazi. Nauli, mahali pa kulala, tumbo la kuendesha, ngozi kuwa nyeusi kama iliyobabuka. Lakini yupo, anapika, anagombana na wajukuu. Yeye hakuwahi kufanyiwa kile kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, ambacho hapa nchini hutolewa hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, dakika chache tu na majibu hapo hapo. Binti zake wamekwenda wote baada ya kuona ya mama yao. Wajukuu wa kike watapata bahati nyingine: tangu 2018 mabinti wanachanjwa dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani hiyo.

Ilikuwa kwenye kumsindikiza dada ndipo nikajua kwamba nina presha. Sikuwa naumwa kichwa, sikuwa na kizunguzungu. Tumezoea kusema "leo presha imepanda" kila tunapoudhiwa, kumbe ile yenyewe inaweza kukaa ndani ya mtu miaka bila kumgusa, mpaka siku mdomo unapinda. Nesi wa pale alikuwa anapima kila aliyekaa kwenye benchi. Yangu ikasoma 158 juu, 96 chini. Hakuniandikia dawa siku ile. Alinikalisha nitulie dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nisiongee. Akapima tena. Kisha akanitaka nirudi siku nyingine. Nayasema haya kwa sababu kuna mahali nimepimwa nikiwa nimesimama, kitambaa cha mashine kimefungwa juu ya mkono wa baibui, nesi ananiuliza bei ya kushona dera huku mashine inajaza upepo. Kipimo cha namna ile ukikipata, iwe kibaya au kizuri, usikiamini. Na mwenye mkono mnene akifungwa kitambaa chembamba, presha itasoma juu kuliko ilivyo. Mimi fundi naelewa: futi likikaa vibaya, gauni haliingii.

Yangu iliendelea kuwa zaidi ya 140 kwa 90 kila nilipopimwa vizuri, basi nikaanzishiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Baada ya wiki chache vifundo vya miguu vikaanza kuvimba kila ikifika alasiri, mkanda wa kandambili unaacha mtaro. Nikajua figo zimekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kuaga moyoni. Daktari alipobonyeza akasema ni dawa yenyewe, inawafanyia baadhi ya watu hivyo. Akanipunguzia na kuniongezea nyingine ya kundi tofauti. Rafiki yangu yeye alipewa enalapili akawa na kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi, naye akabadilishiwa kikaisha. Ninachotaka kusema ni kwamba dawa ikikuletea shida, rudi, zipo nyingi. Wengi wetu hatusemi kitu, tunaiacha tu. Wengine wanaiacha kwa sababu nzuri zaidi: wamepima wakakuta 124 kwa 80, wakajiona wamepona. Imekaa hapo kwa sababu ya kidonge.

Chumvi ndiyo iliyonitesa. Inashauriwa mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwemo ndani ya chakula. Mtu wa Tanga aliyelelewa kwa ng'onda na papa mkavu, achari pembeni, na siku hizi vile vidonge vya kiungo vya kutupia mchuzini, anakimaliza hicho kijiko kabla ya saa saba mchana. Sijaacha papa. Namloweka usiku, namwaga maji, namchemsha, namwaga tena, kisha nazi. Watoto wanasema hana ladha. Wana jikoni lao.

Ramadhani dawa yangu inakuwa ya futari, nilikubaliana na daktari mapema. Mwenye sukari asijiamulie peke yake, hasa anayechoma sindano. Aende kabla mwezi haujaandama.

Mikono nayo ilinitisha. Usiku nilikuwa naamka kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, nakung'uta mkono mpaka damu irudi, au ndivyo nilivyodhani. Siyo damu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja kupitia njia nyembamba pale kwenye kifundo cha mkono, ukibanwa ndiyo hali hiyo, na sisi wa mkasi na pasi tunaupata sana. Nikapewa kishikizo cha kufunga usiku mkono usikunjike, ikapungua. Lakini walinipima na sukari, maana ganzi inaweza kutoka huko pia, hasa ikianzia nyayoni. Kabla ya kula asubuhi yangu ilikuwa 6.2. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7, kwa hiyo nilikuwa mlangoni.

Hapo ndipo nikajipima mwenyewe kwa futi, siyo kiuno cha gauni bali kile cha madaktari: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi, bila kuvuta tumbo. Kwa mwanamke, kikizidi sentimita 80 hatari ya sukari na moyo imeanza kupanda. Kikizidi 88 imepanda sana. Mimi nilikuwa 91. Nilikuwa nimeshawaandikia wanawake wa mtaa mzima namba zao bila kujua zinasema nini.

Nilitafuta ni nini kilichobadilika. Chakula kilikuwa kilekile, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na ikipungua mwili unahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Juu ya hapo nilikuwa nimefunga mota kwenye cherehani. Miaka yote nilikuwa nakanyaga pedali kutwa nzima, mazoezi ya bure. Mota ikaja, miguu ikapumzika, na mwaka haukuisha nikawa nainuka kwenye kiti kwa kushika meza. Mota sijaing'oa, maana kazi za Idd haziishi bila hiyo. Lakini mji wetu ni tambarare na watu wake ni wa baiskeli, basi nimerudi kwenye baiskeli kwenda kununua uzi na vifungo. Mifupa yenyewe inataka kubeba uzito, na baiskeli haiipi huo, kwa hiyo ndoo ya maji ya bafuni sasa naibeba mwenyewe, na kila nikimaliza nguo moja nainuka na kukaa mara kumi mikono ikiwa kifuani. Binti wa kazi alianza kwa kunicheka, sasa tunahesabu pamoja. Ubwabwa nimeupunguza nusu, nafasi yake nimeweka kunde na dagaa, na dagaa naye nakula mzima na mifupa yake. Sukari ya mwisho ilikuwa 5.7. Kiuno bado kiko 86.

Aliyebaki alikuwa mume wangu. Ana miaka 61, na usiku alikuwa anaamka kwenda chooni kila mara, anasimama muda mrefu, mkojo unakatika katika. Nilipomwambia aende akapimwe tezi dume akajibu ni umri. Nilimwuliza umri gani huo unaomfanya mtu asubiri mkojo wake mwenyewe. Kilichomzuia zaidi, nadhani, ni yale maneno ya kijiweni kuhusu kidole cha daktari, na jambo la pili, dirisha la wazee. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mtu wa 60 kwenda juu anahesabiwa mzee, na hospitali za umma zina dirisha lao. Hakutaka majirani wamwone amekaa kwenye benchi lile.

Kaka yake ndiye aliyemchukua. Walianza kwa kipimo cha damu, kisha picha ya tumbo, na kidole kilikuwepo pia, kikaisha kabla hajamaliza kukunja uso. Tezi imevimba, si saratani. Akapewa dawa ya kumeza usiku, akaonywa asiinuke kitandani ghafla, anaweza kupata kizunguzungu. Sasa analala mpaka alfajiri. Na kile kitambulisho cha mzee alichokuwa anakikimbia, anakitoa mfukoni kabla hajaulizwa, wiki iliyopita nimemsikia akimgombeza kijana wa foleni ya mbele, "Pisha, mimi nina sitini na moja."